Uchunguzi Usingoje Mizoga

Katika nchi ya Marekani kuna maradhi ambayo yamekuwa yakienea polepole miongoni mwa wanyama wa mwitu kwa zaidi ya nusu karne, na hadi hii leo hayajapatiwa dawa wala chanjo. Yalianza kuonekana katika jimbo moja tu. Sasa yamo katika majimbo zaidi ya 30, yamevuka mpaka hadi Kanada, na mwaka 2016 yaligunduliwa katika milima ya Norway, barani Ulaya. Mnyama anayepatwa nayo hukonda akabakia ngozi na mifupa, hutokwa na udende, masikio humlegea, huenda akipepesuka, na mwisho wake ni kufa. Hapana hata mmoja anayejulikana kuwa amepona.

Mnyama mwenyewe ni ayala, ambaye wengi wetu tumemwona katika picha tu. Umbo lake lamshabihi kulungu wa Bara, lakini si wa jamii moja naye. Pembe za kulungu na za paa huota mara moja zikabakia. Ama pembe za ayala zina matawi mfano wa mti, na kila mwaka huanguka zikaota nyingine. Huenda akatokea msomaji wa Makunduchi au wa Wete akauliza: ayala wa Marekani wanatuhusu nini sisi, ambao hata mbuzi wetu hatujamaliza kuwachanja? Swali hilo ni la haki, na makala haya yameandikwa ili kulijibu.

Khabari ilianza mwaka 1967 katika mji wa Fort Collins, jimbo la Colorado. Huko walikuwapo ayala waliofugwa zizini kwa ajili ya uchunguzi, na waliokuwa wakiwaangalia wakaona baadhi yao wanadhoofika bila ya sababu ya kueleweka. Ilidhaniwa kwamba ni upungufu wa chakula, au sumu, au dhiki ya kufungiwa. Ikapita miaka 11 ya dhana. Mwaka 1978 daktari wa wanyama, Bibi Elizabeth Williams, alizitazama kwa darubini bongo za wanyama waliokufa akaona zimejaa matundu madogo madogo kama sifongo. Hapo ndipo ilipotambulikana kwamba maradhi haya ni ya ukoo mmoja na yale yaliyokuwa yakiwaua kondoo wa Ulaya tangu karne ya 18. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1980, na mwaka uliofuata maradhi yakaonekana kwa ayala walio huru mwituni.

Kinachoyaleta si kijidudu kama tulivyozoea kukielewa. Dk. Stanley Prusiner alikipa jina la prioni mwaka 1982, na kwa kazi hiyo alipewa Tunzo ya Nobel mwaka 1997. Prioni ni protini ya mwili yenyewe iliyokunjika vibaya, na kila inapoigusa protini iliyo nzima, nayo huipotoa. Hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi, huingia udongoni ikakaa humo miaka, na moto wa jikoni hauiangamizi. Lililo zito zaidi ni kwamba ayala aweza kuyachukua maradhi mwaka mzima au zaidi huku akionekana mzima wa afya, akila na kundi lake, na huku akiyamwaga kila apitapo. Kwa hiyo, nchi inayongoja kuona mizoga ndipo ianze kuchunguza, huwa imekwisha chelewa kwa miaka.

Sasa natuitazame njia yaliyosafiria. Ayala hutembea, na maradhi hutembea pamoja naye. Lakini miguu ya mnyama ina mpaka wake. Ambayo haikuwa na mpaka ni biashara. Matajiri walianzisha mashamba ya kufuga ayala, wengine kwa ajili ya kuuza pembe changa zinazotumiwa kwa dawa katika nchi za Asia, na wengine kwa ajili ya wageni wanaolipa fedha nyingi ili wapige dume lenye pembe kubwa ndani ya ua. Wanyama wakawa wanauzwa shamba kwa shamba na nchi kwa nchi. Mwaka 1996 maradhi yakagunduliwa katika shamba la Saskatchewan, nchini Kanada, na mwaka 2001 yakagunduliwa Korea Kusini kwa ayala walioagizwa kutoka Kanada. Bahari ya Pasifiki, iliyo kubwa kuliko bahari zote, haikuwa ukuta, kwa kuwa mnyama hakuogelea. Alisafirishwa kwa hati na muhuri.

Mwaka 2002 ikawa zamu ya jimbo la Wisconsin. Serikali ya huko ilikusudia kuyang'oa maradhi kwa kuwapunguza mno ayala wa eneo lililoathirika. Lakini maradhi yalikwisha kaa humo kabla ya kugunduliwa, na wawindaji pamoja na wenye ardhi, ambao msaada wao ndio uliokuwa ukitegemewa, wengi hawakuridhika na amri hiyo. Baada ya miaka michache lengo la kuyang'oa likaachwa, na maradhi yakaendelea kutanuka. Hapakukosekana bunduki wala fedha. Kilichokosekana ni wakati, na pia imani ya wananchi.

Tuyalinganishe hayo na yaliyotokea Norway. Mwaka 2016 wataalamu walikuwa katika milima ya Nordfjella, wakiwavisha ayala wa theluji mikanda ya shingoni ili wajue nyendo zao. Kazi yao haikuwa ya maradhi hata kidogo. Wakamwona jike mmoja mgonjwa, naye akafa. Wangeweza kumwacha pale pale, kwani mlimani mnyama kufa si ajabu. Badala yake waliupeleka mzoga maabara, na maabara ikapima hata jambo ambalo halijapata kuonekana Ulaya. Jibu likaja kwamba ni prioni, kwa mara ya kwanza barani Ulaya, na kwa mara ya kwanza duniani kwa ayala wa theluji walio mwituni.

Serikali ya Norway ikawaita wataalamu, ikawasikiliza, kisha ikakata shauri lililo chungu, nalo ni kuliondoa kundi zima la sehemu hiyo. Hadi kufikia mwaka 2018 ayala zaidi ya 2,000 walikwisha uawa, na wote wakapimwa. Walioonekana na maradhi walikuwa 19. Mtu mwepesi wa kusema atadai kwamba kuua elfu mbili kwa sababu ya 19 ni ukatili na hasara. Lakini wale 19 ndio ushahidi kwamba nchi iliwahi. Kadhalika zilitazamwa upya sehemu za kulambia chumvi walizowekewa kondoo, ambako ayala nao walikuwa wakikusanyika na kuachiana mate, na eneo likaachwa tupu kwa miaka ili udongo upumzike.

Hata hivyo si haki kuwasimulia wasomaji ushindi usiokuwapo. Mwaka 2020 maradhi yalionekana tena Norway, safari hii katika uwanda wa Hardangervidda, ulio makao ya kundi kubwa kuliko yote ya ayala wa theluji wa nchi hiyo. Vita havijakwisha. Lakini kuna faida moja zaidi iliyopatikana. Wataalamu waliokuwa wakiwapima maelfu ya wanyama waligundua kwamba ayala wakubwa kuliko wote, walioonekana na maradhi katika Norway, Finland na Sweden, wengi wao walikuwa wazee, na maradhi yao yalikuwa ya sura nyingine, si ile inayoenea kundini. Lau kama usingekuwapo uchunguzi wa makini, serikali zingeweza kuwaua wanyama wengi pasipo haja, au kuwaacha wale waliopaswa kuondolewa. Maarifa humpa mtawala uwezo wa kutofautisha, na pasipo kutofautisha, ukali na upole vyote viwili huwa ni kubahatisha.

Hapa yafaa tuguse jambo la nyama na ukweli. Wamarekani wengi hula nyama ya ayala wanaowinda. Hadi leo hapana mtu aliyethibitishwa kuwa ameambukizwa maradhi haya, na majaribio yaliyofanywa kwa kima maabarani yametoa majibu yanayopingana. Kwa sababu hiyo mamlaka ya afya ya Marekani huwashauri watu wasile nyama ya mnyama aliyepimwa akaonekana nayo. Hawakusema kwamba nyama ni sumu, wala hawakusema kwamba ni salama. Wamesema kiasi cha wanachokijua.

Somo hilo lilinunuliwa kwa damu. Uingereza iligundua maradhi ya ukoo huu kwa ng'ombe mwaka 1986, baada ya ng'ombe kulishwa unga uliotengenezwa kwa nyama na mifupa ya wanyama wenzao ili gharama ipungue. Kwa muda wa miaka kumi wananchi walikuwa wakihakikishiwa kwamba nyama haina madhara. Mwezi Machi 1996 serikali ikalazimika kutangaza kwamba kuna watu ambao yamkini wameyapata kwa ng'ombe. Waliokufa katika nchi hiyo ni zaidi ya 170, wengi wao vijana. Biashara ya nyama iliyokuwa ikilindwa kwa maneno ya kutuliza iliporomoka kwa maneno hayo hayo. Kiongozi anayeficha shaka leo ili soko lisitikisike, kesho hukosa soko na hukosa wa kumwamini.

Katika jimbo la Michigan wananchi wenyewe ndio waliofanywa walinzi. Mwaka 1994 ayala aliyepigwa na mwindaji alionekana ana kifua kikuu cha ng'ombe. Uchunguzi ulionyesha kwamba msongamano wa ayala, na desturi ya watu kumwaga marundo ya karoti, viazi sukari na mahindi ili kuwavuta, ndivyo vilivyoyaweka maradhi hai, na mazizi ya ng'ombe nayo yakapata sehemu yake. Tangu hapo wawindaji huleta vichwa vya ayala vituoni vikapimwa, mwaka baada ya mwaka. Aidha, mwaka 2021, wakati wa korona, damu ya ayala wa majimbo manne ya Marekani ilipopimwa, kiasi cha asilimia 40 ya iliyotolewa mwaka huo ilionekana na alama za kuwahi kupatwa na virusi hivyo, ambavyo asili yake kwao ni binadamu. Basi njia ya maradhi baina ya mtu na mnyama si ya upande mmoja.

Sasa turudi kwetu, maana hayo yote yana mfano wake hapa. Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka iliteketeza ng'ombe na wanyama wa mwitu wa Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi nyumbu na nyati walishutumiwa kuwa ndio ghala ya maradhi hayo. Uchunguzi wa Serengeti ukaleta ukweli mwingine: ng'ombe wa pembezoni walipochanjwa, sotoka ilitoweka kwa nyumbu, na idadi ya nyumbu ikapanda kutoka kiasi cha 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi kupita milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Mshitakiwa alikuwa ndiye aliyedhulumiwa. Mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka ya ng'ombe imekwisha kabisa.

Hapa Unguja, baina ya mwaka 1994 na 1997, mbung'o waliokuwa wakiwatia ng'ombe maradhi ya malale waliangamizwa kwa kuangushwa kutoka ndegeni mamilioni ya madume waliokwisha tiwa utasa kwa mionzi. Hapo bahari ilikuwa rafiki, kwani mbung'o akishaondoka hana jahazi la kumrejesha. Lakini Pemba ikatufunza upande wa pili. Kwa kampeni za kuwachanja mbwa, kichaa cha mbwa kilitoweka kisiwani humo mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi, na uchunguzi wa chembe za urithi za virusi vyenyewe ukaonyesha kwamba kiliingia kutoka nje. Ilibidi kazi ianzwe upya, hata kikaondolewa tena mwaka 2018. Bahari ni ile ile. Tofauti ni kwamba mbwa hupakiwa chomboni.

Leo yapo maradhi mengine ya kutufikirisha, nayo ni sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo ilithibitishwa Tanzania Bara mwaka 2008. Virusi vyake havichagui cha kufugwa na cha mwitu. Katika nchi ya Mongolia, mwishoni mwa mwaka 2016 na mwaka 2017, viliua maelfu ya wanyama wa jangwani walio ndugu wa paa, nao walivipata kutoka kwa mifugo. Sisi tuna paa nunga, mnyama adimu anayehesabiwa kuwa hatarini, ambaye amebakia katika vichaka vichache vya Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Mbuzi wetu hula pembezoni mwa vichaka hivyo hivyo, na inapokaribia Iddi, mbuzi wengi huvushwa kutoka Bara, na si wote wanaopitia gatini. Wengine hushushwa usiku katika bandari bubu.

Yapo basi mambo ambayo hayangoji mfadhili. La kwanza ni kwamba kila mzoga wa paa, wa kima punju au wa popo usioeleweka sababu yake uarifiwe kwa Sheha, na Sheha amwarifu daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. La pili ni kwamba idara za misitu, za mifugo na za afya ziwe na daftari moja, kwa sababu maradhi hayajui mipaka ya wizara. La tatu ni bandari. Hatutazifunga bandari bubu kwa amri peke yake. Ukaguzi wa mnyama ukiwa wa haraka, wa bei nafuu na usiokuwa na usumbufu, mwenye mbuzi wawili atapita mlangoni. Ukiwa wa kumngojesha juani siku mbili na kumdai chai, atapita gizani, na atakayelipa ni nchi nzima. Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa mapema kwamba penye tauni asiingie mtu wala asitoke. Hekima hiyo ni ya karne nyingi kabla ya darubini, na leo twaiita karantini.

La nne lawahusu hasa watendaji na makada wenzetu. Mradi wa mgeni una mwanzo na mwisho, ama maradhi hayana kalenda. Kijana aliyesomeshwa maabara akirudi akakuta friji halina umeme na gari halina mafuta, masomo yake yamepotea. Fedha za uchunguzi lazima ziwemo katika bajeti yetu wenyewe, hata zikiwa kidogo, na ziwemo hata katika mwaka ambao hapana maradhi, kwani huo ndio mwaka wenye faida. Na ofisi zetu ziache tabia ya kumkaripia mleta khabari mbaya. Bwana shamba anayeripoti mbuzi waliokufa hajauharibia mkoa sifa, ameuokoa. Mahali ambapo ripoti nzuri tu ndizo zinazosomwa, maradhi hupata hifadhi ndani ya faili.

Wajibu wa Chama katika jambo hili ni kuwaeleza wananchi kabla ya amri, si baada yake. Wisconsin na Norway zote zilikuwa na wataalamu, lakini Norway iliwahi. Iliwahi kwa sababu watu waliokwenda mlimani kwa kazi nyingine hawakuupita mzoga, na kwa sababu palikuwapo pa kuupeleka.

Basi tuwaulize wahusika swali moja jepesi. Mzoga wa paa ukiokotwa kesho asubuhi Jozani au Kiwengwa, utachukuliwa na nani, kwa gari gani, upelekwe maabara ipi, na jibu lirudi kwa nani? Mtendaji asiyekuwa na jibu la swali hilo leo, hatakuwa nalo siku ya maradhi.